Ramli ya Mganga na Kiboko cha Askari

Ewe msomaji mpenzi, kaa barazani jioni baada ya sala ya Isha, usikilize mazungumzo yanavyokwenda. Mmoja ataeleza kwamba sokoni leo amekamatwa mwizi, vijana wamempiga hata akazimia. Wa pili atasema: "Wamefanya vyema." Wa tatu ataongeza: "Na polisi wangempeleka nyuma wakamtandika hata akawataja wenziwe wote." Kahawa itamiminwa, watu watacheka, na hakuna atakayeuliza swali lililo jepesi kuliko yote: Je, yule aliyepigwa alikuwa ndiye mwizi?

Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Wala sitaanza na mji wetu, kwa sababu mtu akitajiwa aibu ya nyumbani kwake mara hupandwa na hasira kabla hajafahamu. Nitakupeleka mbali kwanza, huko Usukumani, katika nchi ya Bariadi, Maswa na Meatu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 imekuwa Mkoa wa Simiyu. Kisha tutarudi kwetu, na hapo utajipima mwenyewe.

Nchi ile ni ya ng'ombe na pamba. Watu wake ni wakulima na wafugaji wenye bidii. Lakini kwa miaka mingi kumekuwapo msiba mmoja unaotisha. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, au mtu akiugua ugonjwa usiofahamika, jamaa huenda kwa mganga. Mganga hupiga ramli, na ramli hutoa jina, au hutoa dalili zinazofanana na jina. Mara nyingi jina hilo ni la mwanamke mkongwe, mjane, anayekaa peke yake, na macho yake ni mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia wanawe na wajukuu zake kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Usiku mmoja huja watu waliolipwa, wenye mapanga, na asubuhi bibi yule hayuko tena duniani. Wataalamu waliokusanya hesabu wanatuambia kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984, katika Tanzania Bara, waliuawa zaidi ya watu 3,000 kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao waliuawa katika Usukuma. Walio wengi ni wanawake.

Tazama basi ubaya wa ramli uko wapi. Watu husema ubaya wake ni ushirikina, nayo ni kweli. Lakini uko na ubaya mwingine ambao hata asiye na dini anaweza kuuona. Ramli hutoa jina kwanza, na ushahidi hauji kabisa. Mtuhumiwa hajui nani amemshitaki, hajui ameshitakiwa kwa nini, wala hapewi nafasi ya kusema neno moja. Jina likisha kutoka, kila jambo hugeuzwa kuwa dalili. Akinyamaza, ni mchawi mwenye kiburi. Akilia, ni mchawi anayejuta.

Shika neno hilo: jina kwanza, ushahidi baadaye au usiwepo kabisa. Maana sasa nakupeleka kwa askari.

Ilipofika mwaka 1976 mauaji yale yalikuwa yamezidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na serikali iliona haiwezi kukaa kimya. Hapa yatupasa tuwe wakweli: nia ilikuwa njema. Dola inayoacha wakongwe wake wachinjwe vitandani haistahiki kuitwa dola. Maofisa wa polisi na wa usalama wakatumwa, wakawakamata mamia ya watu waliodhaniwa kuhusika na mauaji hayo. Lakini wakawahoji vipi? Waliwapiga. Waliwatesa. Baadhi ya watu wale walikufa mikononi mwa wale waliotumwa kuzuia watu wasife.

Mambo hayakufichika. Mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Aliondoka pia Waziri Peter Siyovelwa, aliyekuwa akishughulika na usalama katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao waliacha vyeo vyao. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani, wakatiwa hatiani, wakafungwa.

Nasi watu wa Pwani twaipenda sana hadithi hii, kwa sababu Mzee Mwinyi ni mtu wetu: alizaliwa Mkoa wa Pwani mwaka 1925, akakulia Unguja. Twawasimulia watoto wetu kwamba hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe, lakini aliona kwamba mchunga huulizwa juu ya alichopewa kuchunga, akavua joho la uwaziri akaenda zake. Kisha Mwenyezi Mungu akamrudisha kwa heshima: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, hata akamaliza muda wake mwaka 1995. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, nasi tulimwombea rehema, na twaendelea kumwombea.

Hadithi ni nzuri na ni ya kweli. Lakini, ndugu msomaji, nina ugomvi na namna tunavyoisimulia. Twajua jina la waziri aliyejiuzulu. Je, twajua jina la mmoja tu katika wale waliokufa? Twajua alipozaliwa mzee wetu. Je, twajua vijiji vyao, wake zao, mayatima wao? Tumeigeuza habari ya damu kuwa habari ya heshima. Tumechukua kuondoka kwa kiongozi, jambo ambalo lilikuwa ni kukiri kwamba uovu umetendeka, tukalifanya pazia la kuufunika uovu wenyewe. Yeye aliacha kazi ili sisi tutazame kilichofanyika mahabusu. Sisi tukamtazama yeye.

Basi na tutazame kilichofanyika. Askari yule alimkamata mtu kwa kuwa ametajwa. Hakuwa na panga lililokutwa na damu, wala shahidi aliyemwona, wala nyayo zilizofuatwa kutoka nyumba ya marehemu. Alikuwa na jina. Akampiga mwenye jina hata akaungama, na katika kuungama akataja majina mengine, nao wakaletwa wakapigwa. Nakuuliza: yako wapi mabadiliko baina ya kazi hii na kazi ya mganga? Mganga hutikisa kibuyu, askari hutikisa kiboko, na wote wawili hupata kitu kimoja: jina lisilo na ushahidi. Ramli ya mganga na kipigo cha askari ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Serikali ilikwenda Usukumani kupiga vita ramli, na askari wake wakapiga ramli nyingine ndani ya kituo.

Najua utakalonijibu. Utasema: "Wewe waandika ukiwa umekaa kivulini. Wauaji wale hawana huruma, mashahidi wanaogopa, polisi ni wachache na barabara ni mbovu. Askari afanye nini?" Hoja hii si ya kudharauliwa, nami nitaijibu kwa utaratibu.

Kwanza, kipigo hakikupi mhalifu. Hukupa mtu asiyeweza kuvumilia. Mpige mwovu mgumu, atanyamaza. Mpige mnyonge asiye na hatia, atakuambia kwamba alimuua hata nyanya yake aliye hai. Na kila anapoungama asiye na hatia, yule muuaji wa kweli hulala usingizi mzuri, kwa sababu polisi wameacha kumtafuta. Kwa hiyo kipigo si haki kali, bali ni msaada kwa mhalifu.

Pili, jambo hili lilijulikana na watu wa sheria kwa karne nyingi. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu kizima juu ya kodi na uendeshaji wa dola. Ndani yake alikataza watuhumiwa wa wizi na makosa mengine wasipigwe ili waungame, na akaeleza kwamba ungamo lililotolewa kwa kipigo halisimamishi adhabu. Fikiri ujasiri wa mwanachuoni huyo! Alikuwa akimwambia mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Na alilolisema halikuwa geni, kwani msingi wa hukumu katika dini yetu ni kwamba mwenye kudai alete ushahidi, na anayekanusha aape. Mzigo uko juu ya anayeshitaki. Hakuna mahali ulipowekwa juu ya mgongo wa mshitakiwa.

Tatu, hata Mwingereza alilijua hilo. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika, ilikataa ungamo lililotolewa kwa askari polisi lisitumike mahakamani dhidi ya mshitakiwa. Kwa nini? Kwa sababu mkoloni aliwajua polisi wake mwenyewe. Aliwaunda ili walinde serikali, kodi na mali za wakubwa, wala hakuwaunda ili wamlinde bibi kizee wa kijijini. Basi ikiwa mtawala wa kigeni, asiye na mapenzi na sisi, hakuliamini ungamo la kituoni, sisi tuliojitawala twaliamini kwa akili gani?

Nne, kazi ya polisi ipo na inajulikana, ila ina taabu. Mauaji ya vikongwe yana mnyororo. Kuna aliyefiwa au aliyeugua. Kuna mganga aliyemtajia. Kuna fedha au ng'ombe waliotolewa. Kuna mtu wa panga aliyepokea. Na mara nyingine nyuma ya wote yuko jamaa anayelitamani shamba la marehemu. Askari mwenye subira huushika mnyororo huo mwisho mmoja, akauliza: nani alikuwa na msiba mwezi huu? Alikwenda kwa mganga gani? Ng'ombe wa nani wamepungua zizini bila kuuzwa mnadani? Nani amepata mali asiyokuwa nayo? Nani atarithi? Wasukuma wenyewe ni mabingwa wa kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, kutoka kijiji hadi kijiji, na kila kijiji hujibu juu ya nyayo zilizoingia kwake. Huo ni upelelezi safi kabisa, nao unafanywa na watu wasiojua kusoma. Je, wenye nyota mabegani wanashindwa?

Sasa sikiliza kilichofuata, maana dhuluma haiishii pale ilipotendwa. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, na vita vikaendelea hadi mwaka 1979. Vilipokwisha, silaha zilikuwa zimetapakaa, na wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukaenea katika mikoa ya ziwa. Wanakijiji wakawa kama mji uliozingirwa: usiku hawalali, mchana hawana wa kumwendea. Wengi wao walikuwa hawana imani na polisi, na wewe ungekuwa nayo baada ya yale ya mwaka 1976? Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka pande za Kahama, kukatokea jeshi la wanavijiji wenyewe, lenye pinde, mishale na filimbi, likaenea Usukuma na Unyamwezi kote, Bariadi ikiwamo. Wengi waliita sungusungu. Wenyewe walijiita basalama, yaani watu wa salama. Angalia neno hilo: salama ni neno letu la Pwani, asili yake ni Kiarabu, nalo limesafiri hata likawa jina la wapiga mishale wa bara. Watu walikuwa na kiu ya usalama hata wakaufanya kuwa jina lao.

Walifanya kazi kubwa. Wizi wa ng'ombe ulipungua, viongozi wa nchi wakawasifu, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili wapate kutambuliwa. Lakini na wao walikuwa watoto wa msiba uleule. Katika siku zao za mwanzo, katika baadhi ya vijiji, mishale yao haikuwaelekea wezi tu. Iliwaelekea pia wanawake wakongwe waliotajwa kuwa wachawi. Jina kwanza! Mganga alianza, askari akafuata, na sasa kijiji kizima kikajifunza.

Wala usidhani kwamba ni ajabu ya bara. Kila dola na kila mji ukisongwa na hofu hujisemea kwamba sasa si wakati wa sheria. Wazee wetu waliyaona hayo hapa hapa Pwani. Katika Vita vya 1914 hadi 1918 manowari za Waingereza ziliifunga pwani yetu, na Mjarumani, ambaye tangu zamani alikuwa maarufu kwa hamsa ishirini yake, akawachukua watu kwa nguvu wakawa wapagazi wa jeshi lake. Mwingereza naye alipoingia akafanya vilevile. Maelfu walikwenda wasirudi. Walipoulizwa, wote wawili walikuwa na jibu moja: ni vita. Na wewe, msomaji, unaposema kwamba majambazi wamezidi na askari aachiwe apige, unalikariri jibu hilohilo la Mjarumani, ila kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Sasa turudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Twawacheka Wasukuma kwa macho mekundu. Je, huko Kilifi, katika pwani yetu ya Kenya, si wazee wanauawa kwa sababu ya mvi? Mzee ambaye angepaswa kupishwa kiti hupaka nywele zake rangi nyeusi ili asionekane mkongwe, na wengine wamekimbilia makao ya hifadhi huko Kaya Godoma, Ganze, kwa kuwaogopa wana wao wa kuwazaa wanaotaka kurithi ardhi. Bara ni macho mekundu, Pwani ni nywele nyeupe. Tofauti yetu ni rangi tu!

Twasema sisi ni watu wa mji, tuna dini na elimu. Je, mwaka 1995, Unguja ilipopatwa na hofu ya popobawa, hakuuawa kijana mgonjwa wa akili katika mji wenye misikiti kila kichochoro, kwa kudhaniwa kuwa yeye ndiye popobawa? Alikuja kutafuta tiba. Jina likamtangulia.

Na twasema polisi wa siku hizi si wale wa mwaka 1976. Je, mwezi wa Januari 2006, wafanyabiashara 3 wa madini pamoja na dereva teksi 1 hawakukamatwa Dar es Salaam, wakaitwa majambazi, wakapigwa risasi katika msitu wa Pande? Siku ya kwanza wako waliopongeza. Kisha Tume ya Rais ikabainisha kwamba hawakuwa majambazi. Pongezi zile nani alizirudisha? Dereva teksi yule alikuwa amepakia abiria tu, kama anavyopakia mwanao, au nduguyo, au mumeo kila siku ya Mungu.

Hapa ndipo ninapokushika mkono, ewe mwenye nyumba. Katiba ya nchi, tangu haki za raia zilipotiwa ndani yake mwaka 1984, imekataza mtu kuteswa na kudhalilishwa. Dini imekataza dhana na kupelelezana aibu kabla ya hapo kwa karne 14. Sheria tunazo, na zimetuzidi. Tunachokosa ni haya. Askari anapompiga mtuhumiwa hafanyi siri sana, kwa kuwa anajua barazani kuna watu watakaosema "wamefanya vyema". Sisi ndio tunaompa ruhusa. Kiboko amekishika yeye, lakini kelele za kumshangilia ni zetu.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, nayo hayahitaji cheo wala fedha. Ukisikia fulani amekamatwa, usiseme "mwizi amekamatwa". Sema "fulani ametuhumiwa". Ukiambiwa ameungama, uliza aliungama mbele ya nani na akiwa katika hali gani. Mwanao akirudi nyumbani akijisifu kwamba amempiga kibaka sokoni, usimpe chakula kabla hujamuuliza alimjuaje kuwa ni kibaka. Imamu akipanda mimbari, atuhutubie na hili pia, asituhutubie urefu wa kanzu tu. Na jirani yako mkongwe anayekaa peke yake, ambaye watoto wanaogopa kupita mlangoni pake, mpelekee sahani ya futari, ukae naye, watu wakuone umekaa. Huo ni ulinzi ambao hakuna askari awezaye kuutoa.

Wenye mamlaka nao nawaambia: mkitaka kumfuata Mzee Mwinyi, msingoje kujiuzulu. Kujiuzulu ni dawa ya baada ya maiti. Mfuateni kwa kuingia mahabusu usiku bila kutoa habari, mkatazame migongo ya watu.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo jina lililotoka ni la mkongwe wa Bariadi usiyemjua, wewe ukanywa kahawa yako. Ramli haina mpaka, wala kiboko hakiulizi kabila. Siku litakapotoka jina la mwanao, utataka watu waulize: ushahidi uko wapi? Waulizie wenzio leo, ili wapatikane wa kukuulizia kesho.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na awarehemu wote waliokufa kwa kutajwa tu. Amin.